Sindano ya Thelathini na Sita

Karani anaita, "Sikudhani Mtulia!"
na korido nzima ya Kisutu inageuka kutazama
ni nani aliyepewa jina la namna hiyo.
Naam, nipo.
Kweli, sikudhani.

Mimi ni fundi cherehani, Kigogo.
Sindano nazijua kwa namba zake:
ya hariri, ya jinzi, ya turubai.
Ikiingia kitambaani inatoka,
na ikitoka inaacha uzi.
Ukitaka kujua fundi kapita wapi
geuza nguo ndani nje, utaona.

Ile ya zahanati haikuacha uzi.

Miezi mitatu, bega la kushoto.
Miezi mitatu, la kulia.
Nesi Eliaichi anapapasa na pamba ya baridi,
"Tulia, Mtulia," ananitania, nacheka,
nashusha mkono wa blauzi
narudi kazini chai haijapoa.
Nisiseme uongo kwa kuwa nimekuja kudai:
sindano ile ilinipa usingizi.
Wawili nikawasomesha bila wa tatu kupiga hodi.
Miaka tisa. Hesabu mwenyewe.

Haba na haba, tuliimbishwa, hujaza kibaba.
Hakuna aliyetuambia
kwamba haba na haba
kibaba pia huishia.

Siku yenyewe sikuanguka pa kusimulia.
Niliteleza juu ya kigoda nikiteremsha jora la kitenge,
nikajizuia kwa mkono,
mkono ukalia kwa! kama bua la mtama.
Daktari wa mifupa akaiinua picha kwenye taa,
akaniuliza umri. Thelathini na saba.
Akauliza tena.

Sasa Wakili Ngaiza anataka kadi.
Kadi ilikuwa ndani ya kopo la vifungo,
nimeificha asiione baba watoto,
na maji ya Msimbazi yalipoingia Aprili
hayakupiga hodi, hayakuchagua:
vifungo, kadi, cheti cha ndoa,
vyote tope moja.

Wakili wa kampuni kavaa suti iliyoshonwa vizuri
(mshono wa bega nimeutazama saa nzima, sikuona kosa).
Anasema: Mheshimiwa, maelezo yalikuwemo,
karatasi ilikuwemo ndani ya boksi.
Ni kweli. Imekunjwa mara nane,
herufi kama mayai ya chawa,
lugha ambayo hata nesi huisoma kwa kuivizia.
Inasema: ikizidi miaka miwili, fikirini upya.
Boksi liliingia ndoo ya taka
pamba haijakauka begani.
Anasema tena: muda wa kudai umepita.
Ajabu hii. Tarehe ya kurudi kuchomwa
niliandikiwa kila safari kwa wino mwekundu.
Tarehe ya kudai
nani aliniandikia?

Kisha wakamwita shahidi wao.

Nesi Eliaichi, amestaafu,
alipanda kizimbani kwa mkongojo
kama mtu anayevuka matope,
na sikumbuki kumwona na mkongojo mwaka ule
alipokuwa akikimbilia uchungu wa watu usiku.
"Ulimweleza mdai kuhusu madhara?"
Feni ya dari ilizunguka, ikakwama, ikazunguka.
"Nilimweleza tarehe," akasema.
"Tarehe tu?"
"Na mimi nilielezwa tarehe tu."
"Shahidi, jibu ulichoulizwa. Wewe unahusikaje?"
Hakujibu.
Aliegemeza mkongojo,
akakunja mkono wa gauni taratibu hadi begani
kama anayesubiri pamba.

Hakimu akavua miwani, akaivaa.
Shauri likaahirishwa. Miezi mitatu.
Sikucheka peke yangu.

Nje, kwenye ngazi, hatukujua tusalimiane vipi.
Yeye akautazama mkono wangu uliopinda,
mimi nikautazama wake.
Pindo la gauni lilikuwa limefumuka.
Nikamwambia, lete Jumamosi, nitalishona,
lakini usije mapema,
siku hizi nashona polepole.