Watatu Waliowika

Tuliweka mayai saba ya buluu chini ya koo mmoja mkali,
tukaombea mitetea.
Hapa Chiloé mvua haina adabu,
huingia bila hodi, ikakaa wiki mbili,
hivyo vifaranga tuliwakausha jikoni kando ya jiko la kuni,
ndani ya sanduku la viatu vya shule vya Rayén.
Saba, wote hai. Tulifurahi upesi mno.

Wiki ya kumi na tano mmoja akajaribu koo lake:
bawaba isiyotiwa mafuta.
Nolberto akaacha kutafuna mkate.
Kabla hajameza, wawili wakajibu.

Ua wetu ni hatua ishirini kwa kumi na mbili.
Migongo ya kuku ikaanza kunyonyoka.
Yule wa kijivu akakataa kushuka kichanjani,
akawa anakula gizani, kama mdaiwa.

Na nyuma ya uzio yupo Eleuterio,
anayepasua samaki kiwandani hadi saa nane usiku.
Saa tisa yuko kitandani.
Saa kumi wanaanza.
Hajalalamika hata siku moja. Alituletea kichwa cha samaki cha supu,
akauliza, macho kwenye viatu vyake,
jogoo huishi miaka mingapi.
Afadhali angetukana.

Mama mkwe anasema yai halihitaji mume.
Kweli, halihitaji.
Ila mwezi Machi kivuli cha mwewe kilipita juu ya nguo nilizoanika,
na yule wa shingo ya shaba akatoa sauti moja,
si kuwika, neno fupi tu,
ua ukawa mtupu, kuku wote wamo chini ya mtofaa,
yeye amebaki katikati, amejitanua,
mdogo kuliko hasira yake.
Mwewe akafikiri upya.

Tena akipata mnyoo hali.
Anaudondosha, anauokota, anaita,
mpaka wa kike mmoja aje autwae bila shukrani.
"Unaona?" akasema Nolberto.
Nikamwambia aone yeye.

Mweupe tulimpeleka kwa binamu, kisiwa cha pili,
miguu imefungwa kwa utepe wa zawadi.
Wa madoadoa, kisu kilinolewa Jumamosi.
Rayén hakulia. Alikula viazi tu,
akasogeza bakuli kwa kidole kimoja.

Wa shaba yupo kwa masharti:
kibanda cha zana, blanketi dirishani,
mlango haufunguliwi kabla ya saa tatu.

Wahenga walisema kutakucha hata asipowika.
Sawa. Lakini leo saa kumi nimeamka mwenyewe,
nimelala nikisikiliza kimya nilichokitaka.
Kisha, kutoka ndani ya blanketi,
mara moja, chini chini,
kama anayeuliza ruhusa.

Nikatazama ng'ambo ya uzio.
Taa haikuwaka.