Pai ya Jumapili

Mtaa wa Wells, katikati ya Milwaukee, theluji
imegeuka tope la rangi ya chai ya maziwa.
Mama anaukung'uta mwamvuli mlangoni
kama anayemwadhibu mtoto wa mwenzake,
anachagua meza ya kona, karibu na hita,
na kabla hata ya kuvua koti anasema,
"Nimeuza nyumba."

Siulizi bei. Nasoma menyu.
Viazi vya kuponda na mchuzi wa nyama.
Makaroni kwa jibini. Supu ya nyanya
na mkate uliokaangwa kwa siagi.
Vyakula visivyodai meno wala ujasiri.

Shavonne, mhudumu, kalamu kaichomeka nyweleni,
anamwita mama yangu "mpenzi,"
naye Bernadine Wozniak, miaka sabini na tisa,
ambaye kanisani huigusa divai kwa ncha ya ulimi,
anaagiza kokteli ya brandi,
"na cheri mbili, usinibanie."

Kaunta imejaa vijana wa benki, tai zimelegea.
Kijana wa baa anatikisa kopo la barafu
kama kayamba.

Pai yangu ya kuku inakuja ikifuka,
juu imevimba
mithili ya shavu linaloficha peremende.
Natia uma. Karoti, njegere, mchuzi mweupe mzito.
Naonja.
Naonja tena.
"Mama, hii ni yako."

Anazungusha barafu kwa kidole.
Glasi ya pili imeshafika nusu.
Siri ya mtungi aijuaye kata,
na kata yenyewe usiku huu imelewa.

"Sijaoka pai maishani mwangu, Gerald.
Jumamosi nilitoka zamu ya glavu saa tano usiku,
nikapitia mlango wa nyuma, pale penye mapipa.
Delphine ameniwekea moja. Dola mbili na nusu.
Nikiihamishia kwenye bakuli letu la bluu,
lile lenye pengo,
na Jumapili nikiiunguza ukingo kidogo
ionekane ya nyumbani."

Ndipo Renata akaja, akaketi kati yetu bila kualikwa:
mke wangu wa miaka tisa,
aliyejaribu unga wa kila duka,
mikono myeupe hadi viwikoni,
nami mezani, hakimu asiye na joho:
"Nzuri. Lakini si kama ya mama."
Mara ngapi? Siwezi kuhesabu.
Yeye anaweza.

Nacheka mpaka vijana wa benki wanageuka.
Mama hacheki.
"Delphine alifariki mwaka ule wa mafuriko.
Mazishini nilikaa kiti cha nyuma kabisa.
Wanawe wakinisalimu, ningesema mimi ni nani?
Kwamba mama yao alinilelea wangu?"

Nakula polepole.
Ni ile ile, njegere kwa njegere,
ila kuna kitu hakipo, nakipapasa kwa ulimi
kama mtu anayetafuta swichi gizani.
Ukingo.
Hapa hawaunguzi.
Ule uchungu mdogo mweusi
niliokuwa nikiubandua kwa kucha, nikauweka wa mwisho,
ndio pekee uliopikwa kwa mkono wake.

Simwambii. Ningemwambia vipi,
na cheri iko mdomoni?

Shavonne anauliza kama atufungie yaliyobaki.
"Nifungie na nzima moja," nasema.
"Ya nani?" anauliza mama.

Nje linapita gari la chumvi, taa za manjano
zinazunguka dari, glasi, uso wake.

"Bado anakaa Bay View," anasema,
kana kwamba si yeye aliyeuliza,
na anaitafuna cheri ya mwisho pamoja na kijiti.