Vifaranga Mia Mbili

Kambere, usiku huu nakuachia vifaranga mia mbili
na mbabula moja.
Naenda matangani Sake; nitarudi na pikipiki ya kwanza.
Sogea nikuonyeshe. Toa mikono mfukoni.

Makala haya ni ya Masisi, mazito,
ukiyagonga yanalia kama chupa.
Washa nje. Nje, nimesema, juu ya mawe ya volkeno,
hata kama mvua inakutazama vibaya.
Ngoja moshi mweupe umalize maneno yake,
ngoja wekundu ushuke mpaka chini,
ndipo uibebe kwa masikio yake mawili, na matambara.

Iketishe juu ya matofali matatu, mbali na maranda,
mbali na pazia lile la gunia:
hatua moja ndefu, ya mguu wako, siyo wangu.
Dirisha la juu halina kioo. Usilionee huruma.
Nilikivunja mwenyewe kwa nyundo ya jirani.
Baridi inaingia pale kama mkwe asiyebisha hodi,
na ndiyo inayotulinda. Iache iingie.

Wanasema pafukapo moshi pana moto.
Hawakusema pasipofuka pana nini.

Unayajua mazuku, kule shimoni nyuma ya shule,
mbuzi wa Semivumbi walivyokutwa wamelala
kana kwamba wanangoja kuamshwa.
Mbabula nayo ina mazuku yake, ya nyumbani,
yasiyonuka, yasiyokohoza mtu,
yanayokuja makala yakishapendeza.

Mwaka wa kwanza niliziba kila tundu la mbao
kwa karatasi za mifuko ya saruji. Niliuona ni upendo.
Vifaranga arobaini walilala safi, bila jeraha.
Mimi kichwa kilikuwa kizito, miguu ya mtu mwingine;
nikasema, malaria.
Mama Riziki akagonga mlango akitaka chenji ya franga mia tano.
Sikuwa nayo.
Nilifungua nimwambie sina, nikaanguka nje, kwenye hewa.

Kwa hiyo kichwa kikikuuma usiseme ni usingizi.
Vifaranga wakirundikana, wanasikia baridi.
Wakikimbilia ukutani midomo wazi, joto limezidi.
Wakinyamaza wote kwa mpigo,
toka kwanza. Utashangaa ukiwa nje.

Na usilale humo. Godoro lako liko barazani,
blanketi mbili, moja ni ya marehemu, inakwaruza.
Amka kila saa uwachungulie.

Alfajiri, kuzima.
Kuzima siyo kumwaga maji: mvuke utakuchuna uso.
Kuzima siyo kufunika majivu ukaenda zako:
chini ya majivu makala bado yanapumua,
na pumzi yao hatuipumui sisi.
Itoe nje. Mimina kwenye debe lile la chuma,
mchanga juu, kifuniko juu, jiwe juu.
Kisha ngoja. Weka kiganja debeni
kama kwenye paji la mtoto mgonjwa.
Homa ikiisha, umezima.

Utaona mawingu mekundu upande wa Nyiragongo.
Usikodoe macho. Ule hatujui kuuzima.

Pikipiki hiyo inaita.
Hebu nisikie kabla sijapanda:
unawasha wapi?