Wiki Tatu

Sanduku lilivuka daraja la Ruzizi kwenye pikipiki ya Murhula,
barafu ikimtonea mapajani.
Ndani vichupa sita, vifupi kama kidole gumba,
na katika kila kichupa neno la kukatiza.

Nsimire alinieleza nikifagia maabara, pale Nguba:
"Jeni imeandikwa ndani kabisa, haifutiki. Hatuigusi.
Tunamngoja tarishi wake atoke na nakala,
tunamvizia njiani, karatasi tunaikata vipande viwili."
"Kwa hiyo tunaiua?"
"Hapana. Inaendelea kusema. Hakuna anayesikia."

Panya kumi na wawili, wote wanatetemeka.
Sita walidungwa neno lenyewe.
Sita walidungwa herufi zilezile zilizovurugwa,
zisizo na maana kwa kiumbe yeyote,
ili tusijidanganye.
Sikuambiwa ni vizimba vipi. Kazi yangu pumba na maji,
na usiku umeme ukikatika, kukimbia na bidoni la mazuti
kabla jokofu halijapata joto,
maana neno lile huoza haraka kuliko sambaza juani.

Siku ya tisa, yule mwenye alama ya kijani sikioni
alishika punje ya mahindi kwa mikono miwili
akaila hadi ikaisha.
Nilisimama na ufagio wangu.

Kwetu Kadutu, kaka yangu Mushagalusa hunywa chai kwa mrija.
Mikono ile ni ya baba, fundi saa wa Nyawera,
hadi skrubu zilipoanza kumkimbia.
Mama husema ni macho ya watu.
Mimi damu yangu sijaipeleka kupimwa.
Nikifunga kamba za viatu, naangalia pembeni.

Siku ya ishirini na mbili, Kijani alidondosha punje.
Akaiokota. Ikadondoka.
Tarishi mwingine alikuwa amepita.
Nsimire aliandika tarehe, akatabasamu kidogo:
ndivyo alivyokuwa ametabiri.

Jioni nilipanda matope hadi nyumbani,
nikajaza kikombe cha kaka nusu, kama kawaida,
nikaikalia kalenda ya parokia na kalamu.
Wiki tatu.
Siku moja ya kunyoa ndevu mwenyewe.
Moja ya vifungo vya shati.
Moja ya kumsainia mwanawe karatasi ya shule,
jina zima, na mstari chini yake.
Zilizobaki zote nimeandika: kikombe.