Sehemu ya Pili

Nilikuwa natafuta betri ya tochi.
Kwenye droo ya jikoni, chini ya risiti na vipande vya kamba,
ikawa imelala: filimbi ya bati,
mdomo wake wa plastiki ya kijani umetafunwa pembeni
na meno yangu ya miaka kumi na minne.

Miaka thelathini na mmoja.
Niliiosha kwa sabuni ya vyombo na ile brashi
niliyokuwa nikisugulia chupa za Cathal,
ambaye sasa ananyoa ndevu huko Perth.

Nje, Leitrim inafanya kazi yake ya kila siku: mvua.
Si ya kishindo. Ile ya manyunyu,
inayokulowesha bila kukutaka radhi.

Pumzi ya kwanza ilitoa vumbi.
Ya pili ilitoa ukelele wa birika.
Mbwa akanitazama, akatoka
kama mgeni aliyekumbuka kwamba ana safari.

Bi Attracta Guihen alitufundisha katika ukumbi wa parokia,
Jumanne, baridi ikitoka sakafuni.
"Unapuliza kama mtu anayejaza fomu," aliniambia.
"Kila kitu kipo mahali pake. Ila wewe hupo."
Nilinuna wiki nzima.

Kisha ikawa mitihani, ikawa Dublin, ikawa wodi ya usiku,
ikawa ndoa, ikawa nepi, ikawa mama na vidonge vyake.
Hakuna siku niliyosema naacha.
Niliiweka tu chini, kama mtu anavyotua mfuko
apate mkono wa kufungulia mlango.

Sasa vidole. Havikuniuliza.
Cha shahada kilijua tundu lake, cha kati kikafuata.
Cha pete, mkono wa kulia, kina baridi yabisi siku hizi;
hakizibi sawasawa, na sauti inavuja.
Lakini lahani ikaja,
ikaja yote, mpaka ile noti ya juu
inayotaka upulize kwa ujeuri,
halafu
ukuta.

Kamba hukatikia pabovu.
Sehemu ya pili haipo.
Nikarudia ya kwanza, mara tano, mara saba,
kama mtu anayekwenda hadi darajani na kurudi, hadi darajani na kurudi.

Juu ya ngazi, nje ya dirisha,
Packie Mulvanerty alikuwa akizibua mfereji wa paa langu,
akitupa chini majani meusi ya mwaka mzima.
Ghafla akapiga mluzi.
Sehemu ya pili.

Au siyo?
Yangu ilipanda pale yake inaposhuka. Nadhani.
Yake ina kona ambayo Bi Attracta asingeivumilia.

Nikafungua dirisha. "Hiyo umeipata wapi?"
"Ipi?"
"Uliyokuwa unapiga."
Akafuta pua kwa mkono wa koti.
"Sikujua kama napiga kitu."

Chai imepoa, imeota utando.
Nikaikung'uta filimbi juu ya sinki, mara mbili,
mate yakadondoka kwenye vikombe vya jana.
Nikaanza upya. Nilipofika ukutani
sikuwa na njia yangu wala njia ya Packie,
nikapuliza tu, kwa nguvu, kosa refu lisilo na jina,
na nilikuwemo ndani yake.

Betri sijaipata.