Kapi, si Makapi

Kwenye kopo la maziwa ya unga
kulikuwa na laki tatu na elfu ishirini,
pesa ya spoku na pedeli, ya matairi niliyoziba Igoma
mwaka mzima, kiraka juu ya kiraka.
Nkwimba alizihesabu mara mbili.
"Upinde, Ndalahwa? Na bati la jikoni je?"
Nikasema bati litangoja masika.
Akanitazama. Masika yalikuwa wiki mbili mbele.

Hata hivyo ni yeye aliyenipima,
kwa tepu yake ya cherehani, mgongo ukutani,
mikono nimeinyoosha kama mtu wa kusulubiwa
au wa kushonewa koti.
Ncha ya kidole hadi ncha ya kidole: mia na sabini na tano.
"Gawa kwa mbili na nusu."
Aligawa kichwani. Sabini.
Huo ndio mvuto wako, mwili umekwisha kusema,
usije ukanunua mkono wa mtu mwingine.

Kwa Mazigo, Kirumba, nyuma ya vichanja vya dagaa
(alipika miaka kumi na mmoja kambi za wawindaji wa kigeni;
wakiondoka humwachia viatu, miwani, vitu vya ajabu),
pinde mbili zilitoka uvunguni
zimefunikwa khanga moja, kama pacha waliolala.

Wa kwanza mweusi, unang'aa, paundi sabini.
Moyo wangu ukaenda wenyewe, nakiri.
Nikauvuta. Uso ukanivimba,
bega likalia kama mnyororo usio na grisi.
Mazigo akacheka: "Utazoea."
Ndivyo wasemavyo wauza viatu vinavyobana.

Nikatoa pamba mfukoni, pamba ya Magu, ya shambani kwa shemeji,
nikaipitisha taratibu kwenye mbavu za upinde.
Ubavu wa chini ukanyang'anya uzi mmoja.
Uzi mmoja tu, mweupe,
umesimama kama unywele wa mtu aliyeshtuka.
Jicho halikuona ufa. Pamba iliona.

Wa pili rangi ya majani makavu, imebanduka,
paundi hamsini, skrubu zashusha hadi arobaini.
Pamba ikapita bila kusema kitu.
Kamba imeanza manyoya kidogo, nta itaituliza;
kapi zilizunguka sawa, haziyumbi,
na mimi nanyoosha magurudumu tangu darasa la saba:
najua kapi, najua makapi.

Hili baba hakulijua.
Upinde wake wa mkole ulizidi uzito kadiri alivyouvuta,
mkono ukatetemeka palepale ulipotakiwa kutulia.
Huu unakaza katikati, kama kupandisha Bugando
na gunia nyuma ya baiskeli,
halafu kapi zinageuka, na
uzito unaondoka.
Umeshika. Unapumua. Unachagua.

Mazigo alitaka kuiachia kamba tupu, nisikie mlio.
Nikamdaka mkono. Upinde usio na mshale haufyatuliwi;
nguvu isiyo na pa kwenda humrudia mwenye nyumba.

Laki mbili na themanini. Akashuka ishirini kwa sababu ya manyoya.
Rahisi ghali, wanasema; wanaosema wana hela.
Iliyobaki: mishale minne, nta, nauli,
na barua ya ofisi ya wanyamapori ambayo haijajibiwa,
kwa hiyo mawindo yangu hadi leo ni gunia
lililoshindiliwa vipande vya vitambaa vya Nkwimba,
limeegemea jabali nyuma ya nyumba.

Mshale wa kwanza ulipita juu, ukavunjikia jiweni.
Elfu kumi na mbili.
Wa pili ukaingia.
Nkwimba akaja na tepu, akapima toka alama hadi shimo:
sentimita thelathini na nane.
Akaiandika kwenye daftari la wateja,
chini ya kiuno cha mke wa mwenyekiti,
na tarehe.