Meno Matatu Karibu na Mpini

Wasemao msumeno hukata mbele na nyuma
hawajaushika huu.
Huu ukiusukuma hujikunja, hununa;
hukata ukivutwa tu, kuja kifuani,
kama mtu anayerudisha neno alilokwisha kulisema.

Kauleta Takemori, seremala wa mahekalu,
mwezi wa pili, theluji ya Sanjo imefika dirishani.
Kaununua mnadani, ndani ya debe la mikasi mibovu,
kwa bei ya bakuli la tambi.
"Bi Chizuru, utapona?"
Nikamjibu: ngoja kwanza nione kama kuna chuma humu,
au ni kutu tupu iliyoshikamana kwa mazoea.

Siku ya kwanza ni maji na jiwe.
Nasugua, maji yanageuka rangi ya chai,
namwaga, nasugua.
Jino moja limevunjika, mawili yamelala,
na bapa lina kibiongo mahali fulani katikati:
nauinua kwenye mwanga, nafumba jicho moja,
naona kivuli kikipinda palipostahili kunyooka.
Nyundo ndogo, fuawe. Pigo moja, natazama.
Pigo. Natazama.
Ukipiga kwa hasira chuma kinatanuka,
na kilichotanuka hakirudi.

Siku ya pili jina likatokea shinani,
pale chuma kinapoingia ndani ya mpini:
herufi nne za patasi. Baba.
Sikushangaa sana. Baba alifua misumeno maelfu,
kila mmoja akautia jina kama anayetia sahihi mkataba,
mji mzima ukamwita fundi, na picha yake
bado imo ukumbini mwa chama cha wahunzi, tai shingoni,
tai ya kuazima.

Kilichonishika mkono ni kingine.
Karibu na mpini, mahali ambapo mbao haifiki,
kuna meno matatu ambayo hayajawahi kufanya kazi.
Hayakulika. Hayakuguswa tena na mnoaji yeyote.
Nikalaza tupa juu yake nipime mteremko,
tupa ikakataa.
Mteremko ulilalia upande mwingine.

Mama alikuwa mashoto.
Shuleni walimfunga mkono kwa kitambaa ili aache;
akajifunza kula kwa kulia, kuandika kwa kulia,
lakini usiku, kwenye tupa, nani alimwangalia?
Sisi watoto tulilala kwa sauti ile, shii, shii,
meno mia mbili na arobaini, upande huu, kisha ule,
msumeno umebanwa baina ya vipande viwili vya ubao,
nyayo zake zimevishikilia, soksi zimetoboka.
Asubuhi baba aliifunga misumeno kwa karatasi ya mafuta
akaipeleka sokoni.
Sijapata kumsikia mtu akiuliza nani kaitia meno.

Nimeyanoa yote yaliyosalia kwa mkono wangu wa kulia,
kila jino nyuso tatu, na tupa ya tatu
ikaisha makali kabla sijamaliza.
Lile lililovunjika nimeliacha fupi; litakua
kadiri wenzake watakavyopungua.
Hayo matatu sikuyagusa.
Nikaupaka mafuta ya kamelia, nikaufunga gazetini.

Takemori karudi, viatu vimejaa theluji.
Akaufungua, akapitisha kidole gumba, akasita.
"Haya matatu umeyasahau."
"Sikuyasahau."
Kijana mwenye adabu; akanyamaza, akatafuta pochi.

Subiri, nikamwambia.
Nikauinamisha msumeno, meno juu,
nikaweka sindano ya kushonea katika mfereji
ulio baina ya safu mbili, moja imeinama huku, moja kule.
Ukikosea jino moja tu, sindano huanguka njiani.
Ikaanza nchani, ikateleza, tukaifuata kwa macho,
ikayapita meno yangu yote bila kuyumba,
ikafika kwa mama,
ikapita.